Setilaiti na Shamba la Chai: Mwongozo wa Kusoma Mawingu, Jalidi na Bahari katika Kericho na Bomet

Hali ya hewa ya Kericho na Bomet huanzia mbali na mashamba ya chai. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Viktoria, na upepo wenye unyevu huanza kuvuma kutoka ziwani kuelekea mashariki. Upepo huo hupita nyanda za Kano, hupanda miteremko ya Belgut na Bureti, na kwenye miinuko ya karibu mita 2,000 hukutana na upepo mwingine uliotoka Bahari ya Hindi na kuvuka Bonde la Ufa. Hewa ikikosa pa kwenda hupanda juu. Mawingu huvimba kwa kasi kando ya Msitu wa Mau, na kufikia saa nane au saa tisa mchana ngurumo husikika. Usiku mambo hugeuka: upepo huteremka kurudi ziwani, na mvua ya radi huhamia juu ya maji, ambako wavuvi huikuta alfajiri.

Mpangilio huo ndio unaoipa chai mvua karibu mwaka mzima, na ndio huohuo unaoleta mvua ya mawe. Katika miezi mikavu ya Januari na Februari, anga likiwa wazi usiku, hatari nyingine hujitokeza: jalidi, yaani ile barafu nyembamba inayoganda juu ya majani alfajiri na kuyaunguza. Kila hatari ina muda wake. Mvua ya mawe ni jambo la saa moja au mbili, jalidi ni la usiku mmoja, upungufu wa mvua hujengeka kwa wiki na miezi, na mvua za Oktoba hadi Desemba hutegemea joto la bahari lililoanza kubadilika tangu Juni au Julai. Hakuna setilaiti moja inayotosha kwa yote haya. Wakulima wengi waliokata tamaa na picha za setilaiti walikuwa wakiiuliza setilaiti fulani swali la setilaiti nyingine.

Setilaiti zilizo juu ya nchi ya chai

Setilaiti ya kwanza iliyofanikiwa kutazama hali ya hewa, TIROS-1 ya Marekani, ilirushwa tarehe 1 Aprili 1960. Tangu hapo zimekuwa za namna mbili. Za kwanza hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta na kuzunguka pamoja na dunia, kwa hiyo hutazama upande uleule wa dunia usiku na mchana. Kwa Kenya muhimu zaidi ni Meteosat za shirika la Ulaya la EUMETSAT. Moja imesimama juu ya longitudo sufuri, upande wa Ghuba ya Guinea, na nyingine juu ya Bahari ya Hindi, karibu na longitudo 45 mashariki. Meteosat za kizazi cha pili hutoa picha mpya kila dakika 15. Kizazi cha tatu, ambacho setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Desemba 2022, hutoa picha kila dakika 10 na kina chombo cha kuhesabu miale ya radi.

Namna ya pili huzunguka kutoka ncha hadi ncha, kwenye urefu wa kilomita 700 hadi 850 hivi. Hizi hupita juu ya Kericho kwa dakika chache tu, kisha huenda zake. Kwa kuwa ziko karibu, huona vitu vidogo zaidi. Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, huonyesha mraba wa mita 10 kwa mita 10 na kurudi mahali palepale takriban kila siku tano zikiwa mbili. Landsat za Marekani huonyesha mraba wa mita 30, lakini kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi mwaka 1972. Tofauti kati ya namna hizi mbili ni kama ya mlinzi wa getini na askari wa doria: mmoja haondoki ila haoni kwa undani, mwingine huona kwa undani ila hayupo kila wakati.

Kifaa cha setilaiti hutazama kwa macho ya aina tatu. Mwanga wa kawaida huonyesha umbo la wingu, lakini wakati wa mchana tu. Mionzi ya joto, au infraredi, hupima joto la kitu cha juu kabisa kinachoonekana: kilele cha wingu au, anga likiwa wazi, uso wa ardhi na bahari. Hii hufanya kazi usiku na mchana. Mawimbi ya maikrowevu hupenya wingu na kugusa matone na barafu vilivyomo ndani, ingawa picha zake si kali.

Kabla ya kusoma picha yoyote ni lazima kujua saa yake. Picha karibu zote huandikwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Kenya kwa saa tatu. Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili njia ni fupi zaidi: hutoa tatu. Picha ya 12:00 UTC ni ya saa tisa mchana, na ya 10:00 UTC ni ya saa saba. Asiyefanya hesabu hii atatazama picha ya adhuhuri akidhani ni ya asubuhi, na hitimisho lake lote litakwenda kombo.

Wingu la mvua ya mawe

Nyanda za juu za Kericho na Nandi zinatajwa miongoni mwa maeneo yanayopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Katika miaka ya 1960 maroketi yalifyatuliwa kuelekea mawinguni ili kuyavunja mawe kabla hayajaanguka kwenye chai, kisha zikatumika ndege zilizomwaga iodidi ya fedha. Wakati huo mtazamaji alikuwa na macho yake tu kutoka chini. Suala la kwa nini Kericho hasa lilimvuta pia mtafiti Russell Schnell, ambaye katika makala ya mwaka 1982 alionyesha kuwa takataka za majani ya chai ya Kenya zina chembe zinazosaidia maji kuanza kuganda katika baridi ndogo tu chini ya sufuri. Inawezekana basi kwamba vumbi la majani linalopeperushwa kutoka mashambani huchangia kuanzisha barafu mawinguni. Sababu iliyo wazi zaidi ni mwinuko. Katika tropiki, hewa hufikia nyuzi sufuri kwenye urefu wa karibu kilomita tano kutoka usawa wa bahari. Jiwe la barafu linaloanguka Mombasa lina kilomita hizo zote tano za kuyeyukia. Linaloanguka Kericho lina karibu tatu tu.

Kusoma wingu la mvua ya mawe huanza saa sita mchana, kwa picha ya mwanga wa kawaida ya Meteosat. Siku njema picha hiyo huonyesha anga safi juu ya ziwa na vijiwingu vidogo vyeupe vikijipanga kando ya Mau, kuanzia upande wa Londiani hadi juu ya Bomet. Vijiwingu hivyo peke yake havina neno. Kuanzia saa saba hufunguliwa picha ya infraredi, ambayo rangi zake huonyesha joto la kilele cha wingu. Wingu la rasharasha huwa na kilele kisicho baridi sana, labda nyuzi 10 chini ya sufuri. Wingu kubwa la radi hufika nyuzi 60 chini ya sufuri au zaidi, karibu kilomita 13 juu.

Kasi ya kukua ina uzito kuliko baridi yenyewe. Picha mbili au tatu zinazofuatana zilinganishwe. Kilele kilichokuwa nyuzi 20 chini ya sufuri kikishuka hadi 50 katika nusu saa, ndani ya wingu hilo kuna hewa inayopanda kwa nguvu nyingi, na hiyo ndiyo hewa inayobeba matone juu na chini hadi yawe mawe. Wingu ambalo limekuwa baridi kwa saa nzima bila kubadilika limeshamaliza nguvu. Mara nyingi wingu linalokufa huacha tandiko pana na baridi la barafu nyembamba juu, ambalo pichani hutisha kuliko wingu changa lililo kando yake. Dalili ya kutofautisha ni ukingo: wingu linalofanya kazi lina ukingo mkali na wa duara, na tandiko lililobaki lina ukingo uliochanika na kufifia.

Kosa jingine hutokana na pembe ya kutazamia. Meteosat iliyo juu ya longitudo sufuri huitazama Kericho kutoka magharibi, kwa mshazari. Kilele cha wingu lenye urefu wa kilomita 13 au 14 huchorwa zaidi ya kilomita 10 mashariki ya mahali lilipo. Wingu linaloonekana limeshaingia msituni Mau huenda bado liko juu ya mashamba. Kwa hiyo picha za Meteosat ya Bahari ya Hindi zinafaa zaidi kwa kazi hii, kwa sababu setilaiti hiyo iko karibu na utosi wa Kenya na makosa yake hayazidi kilomita chache. Mtumiaji aangalie jina la setilaiti kabla ya kuamini mahali pa wingu.

Maikrowevu huona barafu yenyewe. Setilaiti ya GPM, iliyorushwa Februari 2014 na Marekani na Japani, ina rada inayopima mvua na barafu kutoka juu hadi chini. Hata hivyo, hupita eneo moja mara chache mno, na wingu la mvua ya mawe huishi kwa saa moja au pungufu. Data hizo hufaa kuchora ramani ya miaka mingi ya mahali mawingu hayo yanapozaliwa. Hazifai kwa onyo la mchana wa leo.

Nusu saa au saa moja ya tahadhari haiwezi kuokoa mche wa chai. Inatosha kuwaondoa wachumaji shambani kabla ya radi, kufikisha majani mabichi kwenye kituo cha kununulia na kuahirisha kuweka mbolea ambayo mvua kubwa ingeisomba hadi mtoni. Kwa familia ambayo mama au kijana wake yuko katikati ya shamba wazi, faida ya kwanza kati ya hizo haina bei.

Usiku wa jalidi

Januari 2012 jalidi iliunguza chai katika nyanda za juu za magharibi, Kericho ikiwamo, na wakulima wakakaa wiki nyingi bila majani ya kupeleka kiwandani. Jalidi huhitaji mambo matatu kwa pamoja: anga wazi, hewa kavu na upepo uliotulia. Ardhi na majani hupoteza joto lake kuelekea angani bila wingu la kulizuia, na jani huwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa, kilicho ndani ya kibanda chake juu ya usawa wa majani, kinaweza kusoma nyuzi tatu huku majani yakiwa yameganda.

Hapa setilaiti ina faida kubwa, kwa kuwa infraredi hupima joto la uso wa majani na ardhi, lile hasa linaloleta jalidi. Kituo cha Kikanda cha Ramani za Rasilimali kwa Maendeleo, RCMRD, kilichoanzishwa mwaka 1975 na chenye makao yake Nairobi, kilitumia vipimo hivyo kupitia mradi wa SERVIR kutengeneza ramani za jalidi za maeneo ya chai nchini Kenya. Ramani zilionyesha ni wapi usiku uliopita ulifikia hatari na kwa kiwango gani, na zilifaa kwa maofisa wa kilimo na hata kwa makampuni ya bima, ambayo hutaka ushahidi usiotegemea neno la mdai.

Mtu binafsi anaweza kutazama vipimo vya jamii hiyohiyo. Chombo cha VIIRS, kilichoko kwenye setilaiti za Suomi NPP, NOAA-20 na NOAA-21, hupita karibu saa nane usiku na kupima joto la uso wa ardhi kwa mraba wa takriban kilomita moja. Vipimo hivyo visomwe kwa uangalifu wa aina mbili. Kwanza, baridi kali zaidi huja karibu na macheo, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo nyuzi tatu au nne za saa nane usiku bado ni hatari. Pili, mraba wa kilomita moja huko Bomet unaweza kuwa na kilima, mteremko, msitu mdogo na bonde la mto, na namba inayotolewa ni wastani wa vyote. Hewa baridi ni nzito, nayo huteremka na kutuama mabondeni, kando ya vijito vinavyoingia Kipsonoi na Itare. Kilimani chai ikawa salama, bondeni ikaungua, na setilaiti ikatoa namba moja.

Tiba ya upungufu huo iko shambani. Kipimajoto cha bei nafuu kinachohifadhi kiwango cha chini cha usiku hufungwa kwenye kijiti, kwenye usawa wa meza ya kuchumia, mahali pa chini kabisa pa shamba. Kwa Januari moja kila asubuhi huandikwa namba yake na kando yake namba ya setilaiti. Baada ya wiki chache tofauti kati ya hizo mbili hujulikana: kama bonde huwa na baridi zaidi ya wastani kwa nyuzi tatu, basi kila setilaiti inaposema tatu, bondeni ni sufuri. Shamba lina jibu lake, ambalo halipatikani kwenye ramani ya mtu mwingine yeyote.

Jioni, dalili hukaguliwa kwa mpangilio: saa tatu usiku picha ya infraredi ya Meteosat ikiwa haina wingu kuanzia ziwani hadi Mau, upepo ukiwa umelala, na kipimajoto cha bondeni kikiwa kinashuka haraka, usiku huo ni wa kuangaliwa.

Kiasi cha mvua

Mvua hukadiriwa na setilaiti, haipimwi moja kwa moja. CHIRPS, ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, huunganisha joto la mawingu na vipimo vya vituo vya ardhini na kutoa ramani za mraba wa karibu kilomita tano tangu mwaka 1981. TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, hufanya kazi ya jamii hiyo kwa Afrika tangu mwaka 1983. IMERG ya NASA hutumia pia maikrowevu na hutoa makadirio ya kila nusu saa.

Udhaifu wa makadirio yanayotegemea baridi ya mawingu unaihusu Kericho hasa. Hesabu huchukulia kwamba wingu baridi ndilo lenye mvua. Lakini hewa yenye unyevu inapopanda mlima, huweza kunyesha mvua ya saa nyingi kutoka kwenye mawingu mafupi yasiyo baridi, na mvua hiyo huhesabiwa pungufu au hukosa kuhesabiwa kabisa. Kwa upande mwingine, tandiko baridi lisilo na tone huhesabiwa mvua. Kwa hiyo ramani hizo zinaaminika zaidi kwa jumla ya siku kumi au mwezi kuliko kwa siku moja, na zaidi kwa kulinganisha mwaka huu na miaka iliyopita kuliko kwa milimita zenyewe.

Kipimamvua hurekebisha hayo. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 juu ya ekari moja ni karibu lita 40,000. Kipimo husomwa saa tatu asubuhi, na mvua inayokutwa huwa kwa kawaida ni ya mchana na jioni ya jana, kwa hiyo hulinganishwa na tarehe ya jana ya setilaiti. Siku ya setilaiti nayo huanza saa tisa usiku kwa saa zetu, yaani 00:00 UTC. Anayelinganisha tarehe kwa tarehe bila kuzingatia hili ataona setilaiti inakosea kila siku, kumbe kosa ni la kalenda.

Bahari ya Hindi na msimu

Mvua za Oktoba hadi Desemba husomwa baharini. Mwaka 1999 wanasayansi walieleza rasmi mwenendo ambao katika utabiri huandikwa kwa herufi IOD: tofauti ya joto la uso wa bahari kati ya upande wa magharibi, karibu na Afrika Mashariki, na upande wa mashariki, karibu na Sumatra. Magharibi kukiwa na joto na mashariki kukiwa na baridi kuliko kawaida, mawingu hukusanyika upande wa Afrika na mvua huongezeka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997 na tena mwaka 2019, mojawapo ya miaka ya IOD kali zaidi kurekodiwa. Hali ikigeuka, kama mwaka 2022 ikishirikiana na La Niña ya Pasifiki, mvua hupungua.

Joto la bahari hupimwa kwa infraredi pale ambapo hakuna wingu na kwa maikrowevu palipo na wingu. Usawa wa maji nao hupimwa kwa rada: setilaiti hurusha wimbi chini na kuhesabu muda wa kurudi kwake. Kazi hiyo ilianza kwa ukamilifu na TOPEX/Poseidon mwaka 1992, ikaendelezwa na setilaiti tatu za Jason, na sasa inafanywa na Sentinel-6, ya kwanza ikiwa ilirushwa Novemba 2020. Maji yenye joto hutanuka, kwa hiyo bahari iliyoinuka mahali fulani huwa imehifadhi joto chini ya uso wake, na joto hilo haliondoki kwa wiki moja. Rada hizohizo hupima maziwa. Zilifuatilia Ziwa Viktoria lilipopanda baada ya mvua za 2019 hadi Mei 2020 likavuka hata kiwango maarufu cha 1964. Ziwa hilo ndilo linalolisha upepo wa mchana wa Kericho, na mkulima anayelitazama anatazama chungu cha mvua yake mwenyewe.

Kwa Kericho na Bomet, hata hivyo, bahari isipewe uzito kupita kiasi. Nguvu ya IOD ni kubwa zaidi mashariki mwa Kenya na hupungua kuelekea magharibi, ambako unyevu wa ziwa na wa misitu ya Kongo huingilia kati. Mvua za Machi hadi Mei hufuata bahari kwa ulegevu zaidi. Ramani ya joto la bahari ya Agosti ina maana kwa mkulima wa Bomet kama dalili ya mwelekeo wa vuli, na si kama ahadi ya milimita. Kituo cha IGAD cha Utabiri na Matumizi ya Hali ya Hewa, ICPAC, hutoa mwelekeo wa msimu mara tatu kwa mwaka, na ule wa Agosti ndio wa kusubiri. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huutafsiri kwa kaunti, na tafsiri hiyo ya kaunti ndiyo ya kufuatwa.

Majani, msitu na barafu ya milimani

Sentinel-2 huona rangi ambazo jicho halioni. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha mwanga wa infraredi ya karibu. Uwiano wa hizo mbili hutoa kipimo cha ukijani kinachoandikwa NDVI. Baada ya mvua ya mawe au jalidi, picha ya kabla na ya baada zikiwekwa sambamba huonyesha waziwazi mkanda ulioharibika, na huo ni ushahidi mzuri kwa kiwanda au bima. Tatizo ni mawingu: Aprili na Mei huenda mwezi mzima ukapita bila picha safi. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu lakini haisomi ukijani. Tatizo la pili ni kupogoa. Chai iliyopogolewa, kama inavyofanywa kila baada ya miaka michache, huonekana kutoka juu sawasawa na chai iliyoharibiwa. Asiyeandika tarehe za kupogoa hawezi kutumia NDVI kwa uaminifu, na bima itakuwa na haki ya kumuuliza.

Picha za Landsat zinaonyesha historia ya Msitu wa Mau kuliko maelezo yoyote. Zikifuatana muongo kwa muongo, kingo za msitu zinaonekana zikirudi nyuma, hasa baada ya serikali kuondoa sehemu za msitu katika hifadhi mwaka 2001. Mkanda wa kijani kibichi chepesi unaopakana na msitu mzito ni chai ya Nyayo Tea Zones, iliyoanza kupandwa mwaka 1986 kama ukuta wa kulinda msitu, na mahali ukuta huo ulipokatika panaonekana bila kuhitaji maelezo.

Barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya nayo hufuatiliwa kutoka angani. Ile ya Kilimanjaro ilifunika karibu kilomita 12 za mraba mwaka 1912 na ilibaki chini ya 2 kufikia 2011. Huo ni ushahidi mzito wa dunia kubadilika, lakini mito ya Kericho na Bomet haitoki kwenye barafu. Itare, Kipsonoi, Nyangores na Amala hutoka Mau. Kwa nchi ya chai, picha ya kutazamwa kila mwaka ni ya msitu.

Pa kuanzia

Data zote zilizotajwa ni bure. Tovuti ya NASA Worldview hukusanya joto la ardhi la usiku, joto la bahari na mvua ya IMERG mahali pamoja. EUMETView huonyesha Meteosat, Copernicus Browser huonyesha Sentinel, na East Africa Hazards Watch ya ICPAC huweka tahadhari za kanda kwenye ramani moja. Mji wa Kericho hupatikana karibu na latitudo 0.37 kusini na longitudo 35.28 mashariki, na Bomet karibu na 0.78 kusini na 35.34 mashariki. Kwenye simu, picha za mraba mdogo hutumia bando dogo kuliko video fupi. Programu nyingi za simu zinazotaja saa ya mvua hutoa utabiri wa kompyuta uliovikwa picha ya wingu, kwa hiyo neno "utabiri" au "uchunguzi" litafutwe kabla ya kuamini.

Kabla ya tovuti hizo zote, vinunuliwe kwanza kipimamvua, kipimajoto cha usiku na daftari. Idara ya Hali ya Hewa kwa miaka mingi imetegemea vituo vya kujitolea vilivyoko shuleni, kwa machifu na mashambani, na makadirio ya setilaiti hurekebishwa kwa vipimo vya ardhini. Nyanda za juu zenye vilima vingi ndizo zinazokosewa zaidi na setilaiti, na ndizo zinazohitaji madaftari mengi zaidi. Mkulima wa Konoin au Ainamoi anayeandika mvua yake kila asubuhi saa tatu, mwaka mzima bila kuruka siku, apeleke nakala katika ofisi ya hali ya hewa ya kaunti yake.